Mikorosho Isiyo na Shamba

Kwenye arobaini ya Mama Sharifa, hapo Newala mjini, nilikuwa nimeinama kwenye sinia la pilau na wanawake wenzangu nilipomsikia afisa ugani kijana, amesimama karibu na masufuria, akisema maneno ambayo kwa miaka mingi nilikuwa nimejidanganya kwamba yamekwisha kusemwa duniani. Alikuwa anamwambia Sharifa, mtoto wa marehemu. "Mimi sina shida na wewe, dada. Mfumo ndio umekataa." Sharifa alikuwa amekwenda kuandikisha mikorosho ya mama yake iwe kwa jina lake, na amerudishwa. Kijana alisema kwa upole, kwa sauti ya mtu anayetoa pole nyingine juu ya ile ya msiba. Niliosha mkono kabla sijashiba, na mwanamke aliyekuwa kando yangu akaniuliza kama pilau limezidi chumvi. Nikamwambia chumvi haina kosa. Mvi zimeshanijaa kichwani na magoti yameanza kunisumbua, lakini hasira ile ilikuja mbichi kabisa, kama siku niliyoipata mara ya kwanza, katika mwaka ambao nilikaa kwenye chumba cha nyuma cha nyumba ileile tuliyokuwa tunalia ndani yake.

Mwaka ule nilikuwa msichana niliyekwisha acha shule, kidato cha pili hakikuisha, na nilikuwa nimeshapita kazi nyingi kuliko umri wangu. Ndanda nilifua mashuka ya wagonjwa. Tandahimba niliuza chai na vitumbua mbele ya mabasi ya Mtwara. Kwetu Masasi nilikaa kwenye duka la kuchapa na kudurufu, na hapo ndipo nilipojifunza kompyuta, kwa kusimama nyuma ya mwenye duka na kumuuliza maswali mpaka akanipa kiti ili ninyamaze. Watu walisema situlii. Kweli sikutulia. Nikishajua kitu kinavyofanya kazi ndani yake, miguu huanza kuwasha. Basi niliposikia kwamba chama kimoja cha ushirika huko Newala kinatafuta mtu wa kuingiza wakulima kwenye kompyuta, nilifunga begi langu siku hiyohiyo. Nilikuwa bado sijajua kompyuta inakumbuka vipi watu, na hilo lilikuwa linaniumiza kichwa.

Chumba nilichopanga kwa Mama Sharifa kilikuwa na dirisha la mbao lisilofunga vizuri, na upepo wa uwanda wa juu uliingia asubuhi ukiwa na baridi ambayo watu wa bondeni hawaamini wakiambiwa. Ukutani palikuwa na msumari mmoja wa nguo na alama nyeupe ya mahali palipowahi kutundikwa kioo. Maji yalinunuliwa kwa ndoo, kwa hiyo tulioga kwa heshima. Lakini chakula hakikupimwa. Mama Sharifa alipika ugali wa muhogo na kisamvu kilichotiwa korosho za kusaga, na msimu wa ming'oko, vile viazi vya porini, ulipofika alichemsha chungu kizima akaniwekea pembeni, akisema, "Kula, mwanangu. Masasi mmezaliwa kwenye mawe, hamjui vinavyochimbwa." Alikuwa mjane, mrefu, na alicheka kwa mabega; Sharifa alikuwa bado mtoto. Kila asubuhi mjomba wake, Mzee Bakari, alifika uani kunywa uji, na mimi nikiwa bado kitandani niliwasikia wakibishana juu ya shamba la Mnyambe kama watu wanaoimba wimbo wa kupokezana.

"Mihogo yako imeingia chini ya mikorosho yangu, mjomba."

"Mikorosho yako ndiyo imelala juu ya mihogo yangu. Iambie isimame."

"Niiambie mimi? Aliyeipanda ni dada yako."

"Dada yangu alikuwa hapangi mistari. Hata kitanda alitandika upande."

Ilinichukua asubuhi kadhaa kuelewa mpangilio wao, na nauandika hapa kwa sababu kila kilichofuata kilitoka humo. Ardhi ya Mnyambe ilikuwa ya ukoo wa upande wa mama, na msimamizi wake, kama ilivyo kwa watu wengi wa huko juu, alikuwa mjomba. Mzee Bakari ndiye aliyegawa vipande, ndiye aliyelima mihogo na mbaazi pale. Lakini miti ni habari nyingine. Mti ni wa aliyeupanda, na akifa ni wa yule aliyemwachia. Mikorosho ile ilipandwa na mama yake Mama Sharifa, na mingine Mama Sharifa mwenyewe aliongezea akiwa mwali. Kwa hiyo palepale, juu ya udongo uleule, palikuwa na wenye haki wawili, mmoja wa chini na mmoja wa juu, na hakuna mtu Mnyambe aliyeona ajabu. Hata mtoto ungemuuliza, angekuonyesha kwa kidole: mihogo ya babu, mikorosho ya mama.

Ofisini kazi ilikuwa rahisi. Kila shamba lilikuwa na namba kutoka serikali ya kijiji. Mkulima anakuja, naandika jina, kijiji, namba ya shamba, zao, nabonyeza, anatoka. Aliyeandikishwa kwa zao la korosho ndiye atakayepewa salfa, ule unga wa njano unaopulizwa kwenye maua kabla ubwiri unga haujayakamata. Ukichelewa salfa, ua linavaa unga mweupe, linakauka, na mwaka wako umekwisha hapo. Mzee Bakari aliwahi kuja mapema. Nilimuuliza zao, akajibu, "Mihogo na mbaazi." Nikaandika. Kompyuta ikakubali. Siku chache baadaye akaja Mama Sharifa, amevaa kitenge kipya kana kwamba anakwenda harusini. Nikaandika jina lake, Mnyambe, namba ya shamba ileile, korosho. Nikabonyeza. Skrini ikatoa maandishi mekundu: Taarifa si sahihi. Wasiliana na msimamizi.

Nilirudia. Nilifuta nikaandika upya, nikidhani nimekosea tarakimu. Mekundu yakarudi. Meneja wetu alikuwa mtu nadhifu aliyekunja mikono ya shati mara mbilimbili, akaja akaangalia juu ya bega langu, akasema, "Mfumo umekataa."

"Umekataa nini, baba?" Mama Sharifa akauliza.

"Taarifa zako, mama. Si sahihi."

"Jina langu si sahihi?"

"Sijasema jina."

"Mnyambe si sahihi? Mikorosho si sahihi? Njoo uishike."

Meneja alitabasamu kama anayezungumza na mtu mwenye homa. Akamshauri jambo ambalo baadaye niligundua alikuwa akiwashauri wengi: shamba hilo tayari lina Mzee Bakari, basi tubadilishe zao la Mzee Bakari, tuandike kwamba mikorosho ni yake, salfa itoke, kisha "mtaelewana nyumbani". Wapo waliokubali mbele ya macho yangu. Wanawake wengi. Walitikisa kichwa, wakaacha miti yao iandikwe kwa jina la mjomba au la kaka, wakaondoka na ahadi ya salfa. Mama Sharifa hakukubali. Alisema mjomba wake ana watoto, na watoto wa mjomba ni wa ukoo wa mama yao, na siku mjomba akifa watakuja na karatasi ya kompyuta mkononi, wala hatakuwa na wa kumlilia. Na Mzee Bakari, tulipomuuliza jioni uani, akaweka bakuli la uji chini. "Niseme mikorosho ni yangu? Dada yangu atatoka kaburini anichape. Alikuwa na mkono mzito, nyie hamkumjua."

Basi ikawa hivi, na mpaka leo nikiieleza sauti yangu hupanda: mwenye shamba hakupewa salfa kwa sababu alisema ukweli kwamba hana mikorosho, na mwenye mikorosho hakupewa salfa kwa sababu kompyuta ilisema hana shamba. Miti ilikuwa pale, imesimama, inajiandaa kuchanua.

Nilikwenda Masasi kupeleka nakala za kazi yetu kwa Eliya, kijana aliyetengeneza mfumo wenyewe na kuutunza. Alikuwa na chumba nyuma ya duka la vipuri vya pikipiki, feni moja na kompyuta ambazo zilikaa bila mifuniko kama kuku walionyonyolewa. Alininunulia wali maharage kwa mama ntilie wa nje, tukala tukiwa tumekaa kwenye makasha, huku mafundi wa dukani wakitukanana kwa Kimakua juu ya mnyororo uliokatika. Nilimuuliza swali langu: mfumo unakataa kwa kutumia nini? Eliya alikuwa mtu wa kufurahia swali. Akanieleza kwamba mtu anapotengeneza jedwali kwenye kanzidata huliwekea masharti: safu hii isiachwe wazi, safu hii thamani yake isijirudie, safu hii ipokee maneno haya tu na si mengine. Tangu hapo kanzidata hairuhusu kinyume chake, aje nani.

"Na masharti yenyewe inayaweka wapi?" nikauliza.

"Wewe unadhani?"

"Kichwani kwake."

Akacheka mpaka maharage yakamwagika. "Kichwani kwake ni majedwali vilevile, Agnesi. Inaandika habari zake yenyewe kama wewe unavyoandika habari za wakulima. Na imeacha madirisha ya kuchungulia. Unaangalia, husogezi kiti."

Akaniandikia swali fupi, nami nikaliandika kwa mkono wangu. Dirisha moja lilitoa majina ya masharti yote, kila moja liko kwenye jedwali gani na ni la aina gani. Jingine lilisema sharti linashika safu ipi. La tatu lilipanga safu zote za mfumo na kueleza, kwa ndiyo au hapana, ipi inaruhusiwa kubaki wazi. Nilishuka na macho mpaka kwenye jedwali la wakulima, na pale palikuwa na sharti la kutojirudia, juu ya safu ya namba ya shamba, na jina lake lilikuwa shamba_moja_mkulima_mmoja.

Eliya akanieleza kwamba sharti likikosa jina, kanzidata hulitungia yenyewe, hubandika jina la jedwali na la safu, basi. Hili halikuwa hivyo. Hili mtu alikaa akalifikiria, akalipa jina. Nikamwangalia.

"Nililiandika mimi," akasema. "Niliambiwa. Meneja wako aliniambia. Na yeye aliambiwa na kikao."

"Na mkulima akirudishwa, kanzidata haisemi kwa nini?"

"Inasema. Inataja sharti kwa jina lake kabisa. Ila kwenye skrini tulilificha, tukaweka yale maandishi mekundu. Tuliona maneno mengi yatawachanganya."

"Na haya madirisha, mimi nikiwa Newala siyaoni?"

Akakuna shingo. Akasema anayeruhusiwa kusoma jedwali tu, dirisha la masharti humfichia masharti yake. Lakini mimi nilikuwa na ruhusa ya kuandika wakulima, na kompyuta ya ofisini ilikuwa na sehemu ya kuulizia ripoti. Kwangu lilikuwa wazi tangu siku ya kwanza. Wiki zote hizo jibu lilikuwa limekaa mezani kwangu, na wanawake walikuwa wanasimama upande wa pili wa meza hiyohiyo wakiambiwa kwamba wao ndio hawako sahihi.

Nilirudi Newala. Siku iliyofuata ofisi ilikuwa imejaa, watu kwenye mabenchi na wengine mlangoni, na Mama Sharifa alikuja tena akiwa na Mzee Bakari. Niliandika jina lake kama kawaida, mekundu yakaja kama kawaida, na meneja kutoka kiti chake akasema kama kawaida. Nikafungua sehemu ya ripoti, nikaandika swali la Eliya, nikageuza skrini kuelekea mabenchini.

"Soma kwa sauti," Mzee Bakari akasema, "macho yangu yapo likizo."

"Shamba moja, mkulima mmoja. Sharti la kutojirudia. Safu ni namba ya shamba."

"Maana yake?"

"Namba ya shamba ikishaandikwa na mtu mmoja, wa pili harudii. Hata kama mmoja ana mihogo na mwingine ana mikorosho."

"Kwa hiyo mashine haijui mti?"

"Haijaambiwa, babu."

"Ah. Basi tumeisingizia." Akamgeukia meneja. "Mashine haina kosa. Nani hakuiambia?"

Nilitegemea meneja akane. Nilitegemea aseme hajui, kwamba ni mambo ya wataalamu. Angesema hivyo labda ningemsamehe. Akasimama, akaweka mikono ya shati sawa, akasema, "Najua lipo. Liliwekwa kwa sababu. Wajanja walikuwa wanaandikisha shamba moja kwa jina la mke, la shemeji, mpaka la mtoto wa shule, wanabeba salfa ya watu wote. Ningefanyaje?"

Na ilikuwa kweli, wizi huo ulikuwepo, wengine kwenye mabenchi walitazama chini. Lakini Mama Sharifa hakutazama chini. "Ungetuuliza, baba. Ungesema, mikorosho ya huyu iko wapi, tungekupeleka. Kwa nini siku zote hizi hukutuambia kwamba ni hilo?"

"Mama, ningeanza kuwaeleza masharti ya kanzidata, mngeelewa nini?"

Nje mtu alikuwa anapiga teke pikipiki isiyowaka.

"Tumeelewa sasa hivi," Mama Sharifa akasema. "Hata chai haijapoa."

Watu walicheka, na nadhani kicheko kile ndicho kilichonifukuzisha kazi kuliko skrini. Jioni niliambiwa nimefungua vitu visivyonihusu. Mama Sharifa hakunidai chumba, akanipikia kisamvu, na tulikula tukiwa tumekaa upande mmoja wa jamvi. Eliya, na hili namshukuru, alipeleka maneno juu, akaomba ruhusa ya kubadilisha sharti ili namba ya shamba iangaliwe pamoja na mkulima na zao, siyo peke yake. Kubadilisha kwenyewe, aliniambia, ni kazi ya mstari mmoja. Lakini kulihitaji kikao, na kikao kilihitaji akidi, na akidi ilikuwa safarini. Maua ya Mnyambe hayakuwa na akidi ya kusubiri. Nilikwenda na Mama Sharifa siku moja, tukasimama chini ya mkorosho mkubwa wa mama yake. Alivuta tawi, akapitisha kidole kwenye ua, kidole kikarudi cheupe.

"Unga wote huu," akasema. "Ungekuwa wa ugali ningeshiba."

Msimu ule miti ilizaa korosho za kuhesabika na nyingi zilikuwa na makovu. Mabibo yaliyoanguka yalikuwa madogo kama vidole. Sharti lilibadilishwa msimu uliofuata, kimyakimya, na hakuna aliyekuja Mnyambe kusema kwamba taarifa za Mama Sharifa zilikuwa sahihi tangu mwanzo. Nimechungulia madirisha ya namna ile mara nyingi tangu hapo, katika ofisi za kila aina nilikopita, kwa sababu miguu haijaacha kuwasha. Kila mahali ni vilevile. Yanakuambia jina la sharti, jedwali lake, safu yake, na aina yake. Hakuna mahali pa kuonyesha nani aliamua, wala kwa nini. Kanzidata haina kosa katika hilo pia. Inaandika ilichoambiwa, na hakuna aliyewahi kutaka kuiambia hilo.

Basi kesho yake baada ya arobaini nilimshika Sharifa mkono, tukaenda kwa yule afisa ugani. Ofisi ni ileile ya ushirika, wamebadilisha rangi tu. Kijana akasimama. "Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Nimekuja tuulize huo mfumo wako kwa nini umekataa."

Hakuwa na kiburi. Alikuwa na ruhusa ya kuandika na alikuwa na sehemu ya kuulizia, na hakuna aliyewahi kumwambia matumizi yake. Nilimsomea, akaandika. Safu zikashuka kwenye skrini, na mbele ya kila moja ndiyo au hapana, yaweza kubaki wazi au la. Alifuata kwa kidole mpaka akafika kwenye jina la mwenzi. Hapana. Sharifa hajaolewa, hana jina la kuweka pale.

"Nami nilimshauri mikorosho iandikwe kwa jina la kaka yake," kijana akasema polepole, halafu akakisikia alichokisema. Sharifa alikuwa amesimama vilevile kama mama yake alivyosimama, na kitenge kipya.

"Nani aliiweka, mama?" kijana akaniuliza.

"Hapo hutamwona. Mimi niliuliza, nikatolewa. Sasa ni zamu yako."

Akachukua simu, akapiga wilayani. Nilimsikia akisalimia, akieleza, akirudia jina la safu. Kisha akasema, "Mkuu, naomba nisahihishe taarifa yangu. Niliandika kwamba mfumo umekataa. Mfumo haujakataa. Tumekataa sisi."

Simu ikakatika. Kijana akaiangalia.

"Mtandao," akasema.

"Na mtandao nao umekataa?" Sharifa akamuuliza.

Akamtazama, uso ukamwiva. Akapiga tena.